Dian Fossey: mwanamke wa Kabara na watu waliomuonyesha njia

Kwa wazee wa Bukavu, mwaka wa 1967 ni mwaka wa vita ya mamluki. Tarehe 5 Julai wale wazungu wa kukodiwa waliasi, mwezi wa nane Jean Schramme akaingia mjini na watu wake, wakakaa hapa mpaka mwezi wa kumi na moja. Wakaaji walikimbia, manyumba ikabomoka. Lakini wachache tu wanajua kwamba uasi ule ule njo ulimtoa Kongo mwanamke mmoja Mwamerika ambaye kiisha jina lake lilienea dunia nzima kwa sababu ya magorila. Ni Dian Fossey.

Tunasimulia maisha yake leo kwa sababu hapa Nguba, njiani kwenda mpaka wa Ruzizi, vijana wanapita kila siku na bahasha mkononi wakitafuta mashirika ya kuwapokea wajitolee, hata bila mshahara. Wengine wanataka kulinda msitu, wengine kusaidia vijiji vilivyo kando ya parki. Maisha ya huyu mama yana mengi ya kuwafundisha, mazuri na mabaya.

Fossey alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 16 Januari 1932. Hakusomea wanyama wa porini. Kazi yake ilikuwa katika hospitali ya watoto mjini Louisville, akisaidia watoto wenye ulemavu wajifunze kutumia viungo vyao. Mwaka 1963 alikopa pesa nyingi kwa ajili ya safari moja tu ya Afrika. Akafika Olduvai, Tanganyika, akaonana na Louis Leakey, mtaalamu wa mifupa ya watu wa kale. Kiisha akapanda mpaka Kabara, upande wetu wa Kongo, kwenye mlima Mikeno, na huko njo aliona gorila kwa macho yake kwa mara ya kwanza.

Kabara si fasi ya kawaida. Iko ndani ya parki ambayo leo tunaita Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Parki Albert. Carl Akeley, Mwamerika aliyehimiza sana parki ile ianzishwe, alikufa na kuzikwa pale pale mwaka 1926. Na George Schaller alikuwa ameishi hapo mwaka 1959 na 1960 akichunguza magorila.

Mwaka 1966 Leakey alipita Louisville, Fossey akamfuata. Leakey alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na magorila muda mrefu. Fossey hakuwa na diploma ya kazi hiyo, lakini alikuwa na hamu na moyo mgumu. Mwezi wa kwanza wa 1967 alisimika hema yake Kabara.

Hapo njo anaingia mtu ambaye sinema haimpi nafasi kubwa. Jina lake Sanwekwe, Mkongomani, mfuata nyayo. Alikuwa amefanya kazi na Akeley akiwa bado mtoto, kiisha na Schaller. Fossey hakujua kusoma njia ya gorila msituni. Sanwekwe alimfundisha: jani lililopindwa linaonyesha upande gani, mavi ya moto na ya baridi yanasema nini, lini kusimama, lini kuinama. Bila yeye, yule mgeni angezunguka tu kwenye ukungu. Na chakula, mahema na mafuta ya taa vilipandishwa na wabebaji wa vijiji vya chini, mgongoni na kichwani.

Tarehe 9 Julai 1967 Fossey alirudi kambini akakuta askari wanamngoja. Uasi ulikuwa umeanza, kila mzungu alishukiwa. Waliteremka naye mpaka Rumangabo, akakaa chini ya ulinzi karibu wiki mbili. Mwishowe alishawishi askari wamsindikize Uganda, akisema anaenda kupata pesa na kuandikisha gari lake. Wakapita Bunagana, na walipofika Kisoro askari wa Uganda wakawakamata wale waliomsindikiza. Hakuweza tena kurudi Kabara kuishi.

Lakini hakurudi kwao. Tarehe 24 Septemba mwaka ule ule alifungua kambi nyingine upande wa Rwanda, kati ya milima Karisimbi na Visoke. Akachanganya majina hayo mawili, akaita kambi Karisoke. Iko karibu na mita 3.000 juu: baridi, mvua, matope. Huko alikaa karibu miaka 18. Watu wa jirani walimwita Nyiramacibiri, jina ambalo yeye alilielewa kuwa ni mwanamke anayeishi peke yake mlimani.

Kazi yake ilikuwa ya uvumilivu. Aliiga milio ya magorila, alitembea kwa magoti, alitafuna majani kama wao. Mwaka 1970 dume mmoja aliyemwita Peanuts alimgusa mkono. Dunia, ambayo mpaka wakati ule ilimwona gorila kama shetani wa msituni, ikaanza kumwona kama baba wa familia. Mwaka 1974 Fossey alipata udaktari wa chuo kikuu cha Cambridge, na mwaka 1983 alitoa kitabu, Gorillas in the Mist.

Vijana wa kujitolea walianza kufika Karisoke kutoka Uingereza na Marekani. Walihesabu magorila, walikata mitego ya waya. Mitego ile iliwekwa kwa ajili ya swala na nyati, lakini mkono wa gorila nao ulinaswa. Wengine hawakuweza baridi na upweke, wengine hawakuelewana na mwenye kambi, wakaondoka. Kijana Ian Redmond alibaki. Yeye pamoja na Nemeye, mfuata nyayo Mnyarwanda, njo walikuta maiti ya Digit, dume ambaye Fossey alimpenda kuliko wote. Digit aliuawa kwa mikuki tarehe 31 Desemba 1977 akizuia wawindaji ili jamaa yake ikimbie. Walimkata kichwa na mikono.

Kutoka siku ile Fossey alibadilika. Alianzisha mfuko wa pesa kwa jina la Digit, na vita yake na majirani ikawa kali. Alishika ng'ombe za wachungaji, wawindaji waliokamatwa walipigwa, alivaa vinyago kutisha watu na habari za uchawi. Walioandika maisha yake wanaeleza hata mtoto wa mwindaji mmoja aliyezuiliwa kambini. Kwake, mtu wa kijiji alikuwa mwizi wa msitu.

Lakini msitu ulikuwa umekatwa na nani zaidi? Mwishoni mwa miaka ya 60, karibu hektari 10.000 za parki upande wa Rwanda ziliondolewa kwa ajili ya kulima pareto, maua ya kutengeneza dawa ya wadudu, katika mradi uliosaidiwa na pesa za Ulaya. Mwindaji na waya wake hakuweza kufanya uharibifu wa namna ile.

Kulikuwa na waliofikiri tofauti. Bill Weber na Amy Vedder, bibi na bwana ambao walikuwa wamefundisha Zaïre kwa kujitolea, walifika Karisoke mwaka 1978. Mwaka uliofuata walisaidia kuanzisha mradi wa kuleta watalii wachache kuona magorila, kuongeza walinzi, na kupita shuleni na vijijini kuongea na watu. Walitaka gorila aliye hai alete faida kwa jirani. Fossey hakupenda watalii hata kidogo.

Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake. Alikuwa na miaka 53. Mahakama ya Rwanda ilihukumu mwanafunzi mmoja Mwamerika aliyekuwa amekwisha kuondoka inchini, yeye alikana. Rwelekana, mfuata nyayo wa Fossey wa zamani, alikamatwa pia, akafia gerezani. Mpaka leo watu hawajaridhika na jibu. Fossey alizikwa Karisoke, kando ya Digit.

Sasa tuangalie hesabu. Mwaka 1981 magorila ya milima ya Virunga yalibaki karibu 254. Hesabu ya 2015 na 2016 ilipata 604, na hii pamoja na vita zote tulizopitia. Ukali wa Fossey ulisaidia yasiishe wakati ule, hilo hatuwezi kumnyima. Lakini kuongezeka kulikuja na walinzi, waganga wa wanyama, wafuata nyayo na pesa ya watalii iliyoanza kufika kwa majirani. Upande wa Kongo peke yake, walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamepoteza maisha kazini. Hakuna sinema ya kila mmoja wao.

Hapa kwetu Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, kwa juhudi ya Mbelgiji Adrien Deschryver. Batwa njo walionyesha njia za magorila, na Batwa hao hao njo waliofukuzwa kwenye msitu wao. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba Tume ya Afrika ya haki za binadamu imekata kuwa haki zao zilivunjwa. Kila siku ambayo jambo hili halijatengenezwa, miti inageuka makala, na mlinzi na jirani wanaangaliana kama adui.

Mfuko wa Digit leo unaitwa kwa jina la Dian Fossey mwenyewe. Unafanya kazi Kongo pia, kule Nkuba, Walikale, nje ya parki, kwenye msitu wa familia zenye ardhi yao. Pale wenye ardhi wanakaa mezani, na vijana wa vijiji wanalipwa kufuata nyayo za magorila. Kijana wa Nguba anayeenda kujitolea aulize swali hili mbele ya kupanda mlima: wenye fasi wamekubali, na wanapata nini? Kama hakuna mwenye kujibu, arudishe bahasha yake nyumbani kwanza.