Ian Donald: Daktari aliyebeba uvimbe kwenye buti ya gari na kutuletea altrasaundi

Mwanamke yeyote mjamzito aliyewahi kupita Hospitali ya Mwananyamala au ya Temeke anaijua hii: unalala kitandani, unapakwa jeli ya baridi tumboni, kifaa kinateleza juu ya ngozi, na kwenye skrini inatokea picha ya kijivu ambayo wewe huelewi kitu mpaka uelekezwe.

Kifaa hicho siku hizi hakiishii tumboni. Fundi cherehani ambaye vidole vinamfa ganzi usiku, au dereva wa bodaboda aliyeanguka na sasa mkono hauna nguvu, akimpata mtaalamu wa kipimo hicho anaweza kuwekewa kwenye kigasha, yaani pale kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Anaambiwa akunje vidole, akunjue, anyooshe kiwiko. Daktari anatazama mshipa wa fahamu ukiteleza katikati ya misuli, mubashara.

Nyuma ya yote hayo kuna jamaa mmoja ambaye baadhi ya madaktari wenzake wa London walimwita kichaa. Ni Ian Donald.

Alizaliwa Desemba 27, 1910 katika mji wa Liskeard, Cornwall, Uingereza, kwenye familia ya madaktari yenye asili ya Scotland. Ujana wake ulipita Afrika. Familia ilihamia Afrika Kusini, akasoma Cape Town, na huko huko akapoteza wazazi wake wote wawili akiwa bado kijana. Chuo alisoma lugha na muziki kwanza. Udaktari ulikuja baada ya kurudi Uingereza, akahitimu mwaka 1937 katika Hospitali ya St Thomas, London.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimkuta, akaingia jeshi la anga kama daktari. Siku moja ndege iliyokuwa na mabomu iliwaka moto, naye akaingia ndani kuwatoa wanajeshi. Alipewa nishani ya MBE kwa kazi hiyo. Lakini kilichobaki kichwani mwake baada ya vita si nishani. Ni rada na sona, mitambo inayotuma mawimbi, inasubiri yagonge kitu, kisha inasikiliza yanavyorudi. Jeshi lilitafuta nyambizi kwa namna hiyo. Donald akaanza kujiuliza kama tumbo la mgonjwa nalo linaweza kutafutwa hivyo.

Mwaka 1954 aliteuliwa kuwa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Glasgow ulikuwa mji wa viwanda, meli na chuma, na kwa mtu mwenye kichwa cha kupenda mashine ilikuwa bahati tupu.

Huko kulikuwa na kampuni ya Babcock & Wilcox iliyotengeneza maboila, kiwanda chake kikiwa Renfrew, jirani na Glasgow. Mafundi wake walitumia mawimbi ya sauti, yale ya juu ambayo sikio la binadamu haliyasikii, kutafuta nyufa ndani ya chuma kilichochomelewa. Ukitaka kuielewa vizuri, mfikirie muuza matikiti pale sokoni Temeke Stereo anavyogonga tunda kwa kidole na kukwambia hili limeiva, lile bado. Hajapasua kitu. Anasikiliza tu.

Mke wa mkurugenzi mmoja wa kampuni hiyo aliwahi kuwa mgonjwa wa Donald, na kupitia ujuano huo daktari akaomba aruhusiwe kujaribu. Julai 21, 1955 alifika kiwandani na magari mawili, kwenye buti kukiwa na uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji: faibroidi za kizazi, ambazo ni ngumu, na uvimbe wa ovari wenye maji ndani. Kampuni nayo ikaleta nyama, pande kubwa la steki, ili kuwe na kitu cha kulinganisha.

Matokeo yalikuwa wazi. Uvimbe wa maji ulitoa mwangwi wa aina moja na faibroidi zikatoa wa aina nyingine kabisa. Kwenye skrini hapakuwa na picha kama tunazoziona leo, ni vistari tu vinavyopanda na kushuka, lakini kwa Donald ilitosha. Alirudi hospitali akiwa ameshaamua.

Mashine ya kwanza aliyopata ilikuwa mbovu mbovu. Hapa ndipo anaingia mtu ambaye historia imempunja: Tom Brown, injinia kijana wa miaka ya ishirini kutoka kampuni ya Kelvin & Hughes. Aliposikia kuna profesa anacheza na mitambo ya kupima chuma kwenye miili ya watu, alitafuta namba yake kwenye kitabu cha simu akampigia. Brown ndiye aliyeunda mashine iliyochora picha badala ya vistari, akiunganisha meza ya kitanda cha hospitali na vipande vya Meccano, vile vya chuma ambavyo watoto wa Ulaya walichezea kujenga madaraja. Donald anatajwa kila mahali. Brown hatajwi sana, na hiyo si haki.

Wa tatu alikuwa daktari John MacVicar. Wakawa wanawapaka wagonjwa mafuta ya zeituni tumboni, kwa sababu sauti hiyo haipiti vizuri kwenye hewa iliyo kati ya kifaa na ngozi. Jeli inayopakwa leo inafanya kazi ile ile.

Wengi hawakuwaelewa, na kicheko hakikukosekana. Kilichozima kicheko ni mgonjwa mmoja. Mwanamke alikuwa amevimba tumbo, anadhoofika, na madaktari wakubwa walishahitimisha kwamba ana saratani ya tumbo isiyoweza kupasuliwa. Kwa maneno mengine, alikuwa anasubiri kufa. Donald aliombwa ampime kwa mashine yake. Mwangwi ukaonyesha kitu kilichojaa maji, chenye kingo safi, na siyo saratani iliyotapakaa. Alifanyiwa upasuaji, ukatolewa uvimbe mkubwa wa ovari usio wa saratani, na mama akapona. Baada ya hapo wagonjwa walianza kuletwa.

Juni 7, 1958 watatu hao walichapisha kazi yao kwenye jarida la Lancet. Humo ndimo ulimwengu ulipoona picha za altrasaundi za mtoto akiwa tumboni.

Jambo lingine aliligundua mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wanawake wa Dar wanalijua kwa mateso: kibofu kikijaa mkojo, mawimbi yanapata njia nzuri ya kufika kwenye kizazi na mimba changa inaonekana. Ile ya kuambiwa unywe maji mengi halafu usikojoe inatokana na hapo.

Donald mwenyewe hakuwa mzima. Moyo ulimsumbua kwa miaka mingi na alipasuliwa zaidi ya mara moja, huku akiendelea kufundisha na kuendesha hospitali mpya ya wazazi ya Queen Mother's iliyofunguliwa Glasgow mwaka 1964. Hakuwa mtu wa kukaa kimya pia. Alikuwa Mkristo wa msimamo, akapinga hadharani sheria ya utoaji mimba ya Uingereza ya mwaka 1967, na hakuona tabu kutumia picha za mashine yake kutetea hoja hiyo. Kuna waliomheshimu zaidi kwa hilo, na kuna waliokasirika.

Picha zake za mwanzo zilikuwa na kasoro moja kubwa: zilikuwa za mnato. Mgonjwa alilala kimya huku kifaa kikipitishwa taratibu, picha ikijengeka kidogo kidogo. Chochote kinachotembea kiliiharibu. Mwaka 1965 kampuni ya Siemens ya Ujerumani ilileta mashine iliyoitwa Vidoson, iliyotoa picha takriban 15 kwa sekunde, na kuanzia hapo mwendo wenyewe ukawa kitu cha kuonekana.

Alistaafu mwaka 1976 na kufariki Juni 19, 1987 kijijini Paglesham, Essex, akiwa na miaka 76. Mwaka uliofuata, 1988, daktari Bruno Fornage alichapisha utafiti ulioonyesha mishipa ya fahamu ya mikono na miguu kwa altrasaundi. Donald aliukosa kwa miezi tu.

Kwa mkono, kanuni ni ile ile ya Renfrew, ila mawimbi ni ya masafa ya juu zaidi. Tumbo linahitaji megahezi 2 hadi 5 ili yazame ndani. Kigasha kinatumia 10 au zaidi, hayazami sana lakini yanaona vitu vidogo. Mshipa wa fahamu wa kati, unaopita katikati ya kigasha kwenda kiganjani, ukikatwa kwa picha unaonekana kama sega la nyuki. Tatizo ni kwamba umezungukwa na kano zinazofanana nao ukiwa umetulia. Ndiyo maana mgonjwa anaambiwa acheze vidole: kano zinakimbia sana, mshipa unasogea milimita chache tu, na hapo daktari anajua kipi ni kipi.

Kwa mtu ambaye mshipa huo umebanwa kwenye kifundo cha mkono, picha huonyesha umevimba kabla ya kuingia pale penye kubana, na mara nyingi hautelezi vizuri kama wa mtu mzima. Daktari wa usingizi naye hutumia mashine hiyo hiyo kuona sindano ya ganzi inakoelekea, ili mkono ufe ganzi na mgonjwa apasuliwe akiwa macho.