Askofu Josiah Kibira: Mtoto wa Kashenye Aliyeongoza Walutheri wa Dunia

Ndugu zetu wa nyumbani na mlio mbali, safari hii tunamkumbuka Askofu Josiah Kibira. Wazee wetu walimjua kwa sura na sauti. Vijana wetu waliozaliwa mijini huenda wanalijua jina tu. Ni haki yao kuelezwa alikuwa nani na alifanya nini.

Kibira alizaliwa mwaka 1925 Kashenye, karibu na ziwa, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Missenyi. Alikulia kwenye vibanja vya migomba na kahawa kama sisi sote. Kanisa lililomlea lilikuwa na historia ya kujitegemea. Kabla wamisionari wa Bethel hawajafika Buhaya mwaka 1910, walikuwapo Wahaya waliokuwa wamejifunza Maandiko kutoka Uganda na kukutana wenyewe kusoma na kuomba. Vita vilipowaondoa Wajerumani mwaka 1916, wenyeji ndio waliobaki kuyashika makundi hayo ya waumini.

Kibira alikuwa mwalimu Kigarama wakati moto wa Uamsho ulipowaka, akaguswa nao. Watu wa Uamsho walikuwa na desturi iliyowashangaza wengi: mtu alisimama mbele ya wenzake akataja kosa lake waziwazi, na aliyeiba alikwenda kurudisha. Kwao, toba isiyorekebisha jambo lolote kati ya mtu na jirani yake haikuwa toba. Somo hilo Kibira hakuliacha.

Baadaye alisoma theolojia Bethel, Ujerumani, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960, kisha akasoma Boston, Marekani. Mwaka 1964 alipokea uaskofu kutoka kwa Bengt Sundkler wa Sweden, akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza kama askofu dayosisi tunayoijua leo kama Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT. Alikuwa na umri wa miaka 39. Aliandika pia kitabu kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu, kilichochapishwa Sweden mwaka 1974. Mhaya yeyote anaelewa kwa nini alilitafakari jambo hilo. Kwetu ukoo ndio unaosema nani atazikwa na nani, nani atasaidiwa na nani. Swali lilikuwa kama kanisa linaweza kuwa ukoo mpana kuliko ule wa damu.

Swali hilo lilipata mtihani mkubwa mwaka 1977. Mwezi wa Juni, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam. Wajumbe walimchagua Kibira kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano huohuo ulijadili ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika. Huko Namibia, Walutheri weusi walikuwa wengi, na viongozi wao walikwisha kumwandikia waziri mkuu wa Afrika Kusini barua ya wazi mwaka 1971 kupinga utawala wake. Lakini Walutheri weupe walikuwa na makanisa yao ya pembeni. Watu wa imani moja hawakuwa kanisa moja, kwa sababu ya rangi.

Wajumbe wa Dar es Salaam waliamua kwamba jambo hilo si la siasa tu, bali linagusa imani yenyewe. Kanisa linalowatenga watu kwa rangi linakana kile linachohubiri. Makanisa ya weupe yalitakiwa kuukataa ubaguzi hadharani na bila kuzungukazunguka.

Kusema hivyo kulikuwa na gharama. Makanisa yale yalikuwa na uhusiano wa karibu na makanisa ya Ujerumani, na Ujerumani ndiyo iliyomsomesha Kibira na kuzisaidia sharika zetu tangu mwanzo. Ni rahisi kumkemea adui. Kumwambia rafiki aliyekulisha kwamba ndugu yake anakosea ni kazi nyingine.

Miaka saba ikapita, na makanisa yale hayakutimiza yaliyotakiwa. Mwaka 1984 mkutano mkuu ulikutana Budapest, Hungaria, Kibira akiwa bado rais. Huko makanisa mawili ya weupe, moja la Afrika Kusini na moja la Namibia, yalisimamishwa uanachama. Hayakufukuzwa. Mlango uliachwa wazi: wangeukataa ubaguzi na kuanza kuungana na wenzao weusi, wangerudi. Ndiyo desturi ileile ya Uamsho, kutaja kosa kwa jina lake na kumngoja mkosaji arudi nyumbani. Na walirudi, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kibira mwenyewe hakuliona hilo. Alifariki mwaka 1988. Namibia ilipata uhuru mwaka 1990, na watu wote wa Afrika Kusini walipiga kura pamoja mwaka 1994. Alipanda mti ambao wengine walikuja kukaa kivulini mwake.

Kazi ile haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya wajumbe waliopiga kura, wachungaji wa Namibia waliothubutu kuandika, na waumini wa kawaida ambao sadaka zao ziliwasafirisha. Kibira alikubali kusimama mbele yao.

Sisi wa nyumbani ni Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu, na koo zetu ni nyingi. Tunapochangia mwaka huu, tusiulize kwanza mtoto atakayenufaika ni wa nani. Mtoto wa Kashenye aliwahesabu watu wa Namibia kuwa ndugu zake. Hatuwezi kushindwa kumhesabu jirani wa kibanja cha pili.