Muyaka bin Haji na mashairi ya kujibizana

Hapa Lubumbashi, kila inapotangazwa jioni ya slamu, kuna mtu atakayesema kwamba hicho ni kitu cha wageni: kilitoka Chicago, kikapitia Paris na Kinshasa, ndipo kikatufikia sisi. Kwa upande wa jina, asemalo ni kweli. Mwaka 1986, katika baa iitwayo Green Mill mjini Chicago, mshairi Marc Smith alianzisha jioni za mashairi ambamo wasikilizaji wenyewe ndio waamuzi, na tangu hapo jina hilo limezunguka dunia. Lakini mtu kusimama mbele ya watu, kumchokoza mwenzake kwa beti, mwenzake naye kujibu huku mji ukipima nani amemshinda nani, jambo hilo halikungoja Chicago. Kiswahili, lugha tunayoisoma katika kitivo hiki, kina bingwa wake wa mchezo huo: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840.

Ninasimulia maisha yake hapa kwa sababu yanatuhusu. Wanafunzi wengi tunamkuta Muyaka katika orodha ya mtihani, mstari mmoja kati ya Al-Inkishafi na Shaaban Robert, kisha tunamsahau. Ukimfuata kwa utulivu, unaona swali ambalo kitivo chetu hakijalijibu: nani atayaweka mashairi ya mji huu?

Muyaka alizaliwa yapata mwaka 1776 katika kisiwa cha Mombasa, ambacho leo kiko nchini Kenya (namaanisha nchi, si komini yetu). Mombasa ya wakati huo ilikuwa mji wa Waswahili wenye mataifa yao kumi na mawili, yaliyogawanyika mafungu mawili: Mataifa Matatu na Mataifa Tisa. Juu yao walitawala maliwali wa ukoo wa Mazrui, wakikaa katika ile Ngome kubwa iliyojengwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16. Mazrui walikuwa wamewekwa na Omani, lakini ukoo wa Busaidi uliposhika utawala kule Omani katikati ya karne ya 18, walikataa kuutii. Kwa hiyo Muyaka alikulia katika mji uliojiona huru, na uliokuwa tayari kuupigania uhuru huo kwa jahazi, kwa bunduki na kwa maneno.

Kabla yake ushairi mkubwa ulioandikwa ulikuwa zaidi wa dini na wa mashujaa wa Kiislamu. Ulitungwa hasa katika miji ya kaskazini, Pate na Lamu, kwa Kiamu na lahaja za jirani, ukaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Umbo lake lililojulikana zaidi lilikuwa utenzi, wenye beti za vipande vinne vya mizani nane nane. Utenzi unafaa masimulizi marefu. Unaweza kwenda beti mia tano bila kuchoka. Muyaka aliishika bahari nyingine, shairi: mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, ukikatika katikati, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Hakuivumbua peke yake, lakini yeye ndiye aliyeipa nguvu hata ikawa umbo ambalo magazeti ya Kiswahili ya Tanzania na Kenya yamelichapisha sana.

Mwanaisimu ataona mara moja kwa nini umbo hilo lilimfaa. Ubeti mmoja wa shairi ni mfupi wa kutosha kukaa kichwani baada ya kusikika mara moja au mbili. Vina viwili vinaufunga kama kamba mbili: ukisahau neno, kina kinakurudishia. Isitoshe, mstari wa mwisho unaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, akajenga juu yake jibu lake kwa vina vilevile. Shairi la Muyaka limeumbwa ili litoke mdomoni mwa mtu, lipite barazani, lifike sokoni, na lirudi na jibu. Wataalamu wameeleza kazi yake kwa picha ya kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Picha hiyo ni nzuri ilimradi isieleweke kwamba aliiacha dini. Alikuwa Mwislamu kama wenzake. Alichofanya ni kuruhusu mambo yote ya mji yaingie ndani ya ubeti: mapenzi na wivu, mke na mume waliokosana, njaa na ukame, mali iliyokuja na mali iliyopotea, rafiki aliyegeuka, mtawala aliyesifiwa na mtawala aliyeonywa. Alitunga pia mafumbo, akawaachia watu kazi ya kuyafumbua.

Kujibizana kwake kulikomaa wakati wa vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Mombasa ilishirikiana na watu wa Pate dhidi ya Lamu. Kabla ya risasi, na hata baada yake, zilipita beti. Muyaka alikuwa sauti kubwa ya Mombasa. Upande wa Lamu alisimama Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi, naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Beti zilivuka bahari: kejeli kwa kejeli, tisho kwa tisho, fumbo kwa fumbo. Kila upande ulizikariri za kwake kwa fahari na za adui kwa hasira. Beti za mabishano hayo zimefika hadi kwetu, na mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walizitolea kitabu kizima kiitwacho Mashairi ya Vita vya Kuduhu.

Kuduhu ndilo jina la vita vyenyewe, vilivyopiganwa ufukweni Shela, karibu na Lamu. Mombasa ilishindwa vibaya. Masimulizi yanaeleza kwamba maji yalikupwa, vyombo vikakaa mchangani, na waliokimbilia baharini hawakupata njia ya kuondokea. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko ukubwa wa miji yenyewe. Watu wa Lamu, wakihofia kisasi, walimwomba Sayyid Said bin Sultan wa Omani awalinde, naye akatuma liwali na askari. Hivyo Busaidi akapata mahali pa kukanyaga katika pwani hiyo, na tangu siku hiyo Mombasa ilikuwa na adui mkubwa zaidi mbele yake.

Nakaa kidogo hapa kwa sababu baadhi yetu tunapenda kumfanya kila mshairi wa zamani kuwa mtetezi wa wanyonge. Muyaka hakuwa hivyo. Alikuwa rafiki wa Mazrui na mtu wa upande wao; aliwachochea watu wake kwenda vitani, na vita hivyo vikawaangamiza wengi. Ushairi wa hadhara una hatari hiyo: makofi ya wasikilizaji yanaweza kumsukuma msemaji aseme zaidi ya alichopima. Hata hivyo alichokuwa nacho, na ambacho mpiga debe wa siasa hana, ni mpinzani mwenye haki ya kujibu kwa kipimo kilekile cha mizani. Nani mwongo, nani mshamba wa lugha, nani ameelemewa: watu walihukumu wenyewe.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mji kuzingirwa polepole. Mwaka 1824 Mazrui waliomba ulinzi wa Waingereza. Nahodha Owen akapandisha bendera yao, lakini serikali ya London haikumuunga mkono, na mwaka 1826 wakaondoka. Sayyid Said alikuja na manowari zake mwaka 1828, na majeshi yake yakarudi tena na tena katika miaka iliyofuata. Muyaka aliifuata misukosuko hiyo beti kwa beti. Katika beti zake Mombasa inajisifu, inacheka, inamkebehi adui aliyerudi mikono mitupu, kisha inaanza kuonyana yenyewe kwa yenyewe. Mwisho, kilichouangusha mji ni mgawanyiko wa ndani. Mwaka 1837 Sayyid Said aliingia, na muda mfupi baadaye liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, na wakubwa wa ukoo wake walikamatwa kwa hila wakapelekwa uhamishoni Ghuba ya Uajemi, wasirudi tena. Muyaka aliishi kama miaka mitatu katika mji uliokwisha kupoteza watawala aliowasifu. Alifariki mwaka 1840.

Angekuwa mshairi wa vitabu, hadithi ingeishia kwenye kabati la mtu. Lakini Muyaka aliachia beti zake midomoni mwa watu, na huko zilibaki kwa muda wa kama miaka arobaini. Ilipofika miaka ya 1880, mzee wa Mombasa aitwaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, naye mshairi, alianza kuzikusanya. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, aliyekipenda Kimvita kuliko lahaja nyingine zote. Sikujua hakuandika maneno matupu. Alieleza ubeti huu ulimlenga nani, ulitokana na tukio gani, neno hili la fumbo lilikuwa na maana gani kwa waliolisikia. Bila maelezo hayo, nusu ya Muyaka ingekuwa kitendawili kilichopotelewa na jibu. Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kifo cha mshairi, William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa jijini Nairobi uchunguzi wake mkubwa juu ya Muyaka, na huo ndio mlango ambao wengi wetu tunaingilia.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la fani yetu. Muyaka alitunga kwa Kimvita. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi zilizotawaliwa na Waingereza walikutana Mombasa, katika mji wake mwenyewe, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sina ugomvi na uamuzi huo, ninauandikia humu. Lakini tangu hapo bingwa wa ushairi wa Kiswahili amekuwa mtu anayesema ndia mahali pa njia, na ndoo mahali pa njoo. Kwa kipimo cha daftari la mtihani angepigiwa mistari myekundu. Hakuna anayethubutu, kwa sababu mizani ya ubeti ingevunjika na kila mtu angeona kosa ni la msahihishaji.

Sasa turudi Lubumbashi. Nimehudhuria jioni za slamu za hapa mara nyingi, na nimezoea kuwa na daftari mkononi. Vijana wanasema kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili cha mji huu: banasema, niko naenda, kamutoto. Wanajibizana kweli. Mwaka jana kijana mmoja alisoma shairi juu ya mahari, akiwalalamikia wakwe wanaouza binti kama gari. Wiki mbili baadaye msichana alipanda jukwaani akachukua mstari wake wa mwisho, akaufanya kuwa wa kwanza wake, akamuuliza yeye alikuwa anataka kununua nini. Ukumbi ulisimama. Nilipomtafuta msichana yule baada ya mwezi, ili niyaandike maneno yake, aliniambia yalikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa imeibiwa ndani ya basi. Alikumbuka mistari sita. Waliokuwapo walikumbuka kicheko tu.

Muyaka alinusurika kwa sababu mbili: wasikilizaji waliokariri, na Sikujua aliyeandika kabla wakariri hawajaisha. Wasikilizaji wetu hawakariri tena. Wanarekodi, na rekodi zinafutika. Kwa hiyo sisi tunamhitaji Sikujua haraka kuliko Mombasa ilivyomhitaji. Na mji huu umewahi kuwa na mtu wa namna hiyo: mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapahapa, bila kukisafisha, historia ya Élisabethville kama watumishi wa nyumbani walivyoijua. Leo wataalamu wa nchi mbalimbali wanaisoma, na kinachowavuta ni kwamba imeandikwa jinsi ilivyosemwa.

Ninalopendekeza kwa wakufunzi na wenzangu ni kazi ndogo. Katika somo la fasihi simulizi, kila mwanafunzi aandike mashairi matatu aliyoyasikia jukwaani, kwa idhini ya mtungaji, kwa maneno yaleyale yaliyotamkwa: ba- ibaki ba-, ka- ibaki ka-, Kifaransa kibaki palipo na Kifaransa. Chini yake aeleze kama alivyofanya Sikujua: shairi lilisemwa wapi, lilimjibu nani, watu walicheka wapi na kwa nini. Darasa la watu thelathini litatoa mashairi tisini kwa mwaka, na nakala zikae katika maktaba ya kitivo. Anayetaka kubishana kama hayo ni mashairi au si mashairi atakuwa na kitu mkononi cha kubishania. Msichana yule wa mahari amekubali kukaa nami atunge upya kilichopotea, na kijana aliyejibiwa anasema naye ana jibu lake.