Mama Harriet Powers: Sindano Mkononi, Neno la Mungu Moyoni



Kuna swali linalorudi kila mara katika makutano ya wamama. Mama aliye na watoto, shamba, soko na saa za maombi, atapata wapi wakati wa kutumia zawadi ya mikono ambayo Mungu alimpa? Wengi wanafikiri kwamba kushona, kusuka ao kufinyanga ni mambo ya wale wasio na mizigo. Basi tusikilize maisha ya mama mmoja wa ngozi yetu, aliyezaliwa utumwani huko Amerika.

Kuzaliwa na ndoa

Harriet alizaliwa tarehe 29 ya mwezi wa 10, mwaka 1837, katika jimbo la Georgia, karibu na mji wa Athens. Wazazi wake walikuwa watumwa, naye vilevile alizaliwa mali ya mtu mwingine. Utajiri wa inchi ile ulikuwa pamba. Mtu mweusi aliipanda, akaipalilia, akaivuna, lakini hata shati la mgongoni mwake halikuwa lake.

Sheria ya Georgia ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Kwa muda mrefu waandishi walisema kwamba Mama Harriet hakujua herufi hata moja. Lakini katika miaka yetu ilionekana nakala ya barua yake ya mwaka 1896. Humo anasimulia kwamba watoto wa wazungu walimfundisha kusoma, naye akaendelea mwenyewe kujifunza habari za Biblia. Ndivyo Neno lilivyomfikia, kwa njia ya watoto.

Mwaka 1855 aliolewa na Armstead Powers. Mungu aliwapa watoto wasiopungua 9. Wale wa kwanza walizaliwa utumwani, na wamama wanaosoma habari hii wajue maana yake: mama mtumwa alimnyonyesha mtoto wake bila kujua kama kesho bwana atamuuza. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865. Harriet na mume wake walitoka humo mikono mitupu, wakaanza kulima. Katika miaka ya 1880 walikuwa na shamba lao wenyewe, eka 4 hivi. Ni padogo, lakini palikuwa pao.

Biblia iliyoshonwa

Katika inchi ile kuna baridi kali, na kila mama alishona mablanketi kwa vipande vya nguo kuukuu, ili watoto walale vizuri. Kazi hii Mama Harriet aliifanya kama wengine. Lakini moyoni mwake alikuwa na jambo kubwa zaidi. Alikata vitambaa kwa umbo la watu, nyama, nyota na malaika, akavishonea juu ya kitambaa kikubwa, kwa mkono na kwa mashini. Akafanya picha 11, moja kando ya nyingine. Humo kuna Adamu na Eva pamoja na nyoka, Kaini akimwua Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, chakula cha mwisho, Yuda na vipande 30 vya feza, msalaba, na mtoto Yesu pamoja na wazazi wake. Mtu asiyejua kusoma aliweza kusimama mbele ya blanketi hiyo na kufuata habari ya wokovu kwa macho.

Wenye kuchunguza kazi hizi wanasema kwamba namna ile ya kushonea picha juu ya kitambaa inafanana na kazi ya watu wa Dahomey, inchi inayoitwa leo Benin. Wengine wanaona humo pia alama za inchi ya Kongo ya zamani, kwa maana watumwa wengi walichukuliwa huku kwetu.

Siku ya kuuza

Mwaka 1886 blanketi hiyo ilionyeshwa katika maonyesho ya mavuno na kazi za mikono huko Athens. Mwalimu mmoja wa kuchora, mzungu, jina lake Jennie Smith, aliiona akaipenda sana. Alimtafuta Mama Harriet mpaka akampata, akataka kuinunua. Mama alikataa. Hakuna bei iliyomshawishi.

Lakini miaka migumu ilifika. Karibu mwaka 1890 feza zilipungua nyumbani, na Mama Harriet alituma habari kwa Jennie Smith kwamba sasa yuko tayari. Alifika katika gari la kukokotwa na ng'ombe, blanketi iko magotini, imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa unga. Aliomba dola 10. Mwalimu alisema ana 5 tu. Mama alizungumza na mume wake, na mume alimshauri akubali. Akapokea dola 5.

Wapendwa, tusipite mahali hapa mbio. Ni nani kati yetu asiyejua siku kama hiyo? Mama anatoa kikwembe cha arusi yake, anakiuza sokoni ili nyumba ipate unga. Mama Harriet alipenda kazi ya mikono yake, lakini hakuipenda kupita watu wa nyumba yake. Aliiachilia. Hata hivyo hakuiacha bila neno: kabla ya kuondoka alimfasiria mwalimu kila picha, naye mwalimu akaandika yote. Na baadaye alirudi mara nyingi kuitazama, kama mama anayeenda kumwona mtoto aliyeolewa mbali.

Blanketi ya pili

Jennie Smith alionyesha blanketi ile katika maonyesho makubwa ya Atlanta mwaka 1895. Inasimuliwa kwamba wake za walimu wa chuo kikuu cha watu weusi cha Atlanta ndio waliomwomba Mama ashone nyingine. Mwaka 1898 ilitolewa zawadi kwa mchungaji mmoja wa New York, Charles Cuthbert Hall.

Hii ina picha 15. Ndani yake kuna Yobu, Yona, na Musa akiinua nyoka. Kuna pia mambo yaliyosimuliwa na wazee: siku ya giza ya mwaka 1780, na usiku wa tarehe 13 ya mwezi wa 11, mwaka 1833, wakati nyota nyingi zilianguka na watu wakazani mwisho wa dunia umefika. Mama alishona mkono wa Mungu ukizizuia nyota. Aliyekulia utumwani aliamini kwamba juu ya hofu yote kuna mkono unaoshika.

Miaka ile nyumba yake haikuwa na raha. Shamba liliuzwa kipande kwa kipande, na katikati ya miaka ya 1890 Armstead aliondoka. Mama hakuolewa tena. Sindano ile iliyomfurahisha ikawa pia sindano ya kumlisha, maana alishona ili aishi. Alikufa tarehe 1 ya mwezi wa kwanza, mwaka 1910, akiwa na miaka 72. Jiwe la kaburi lake lilionekana tena huko Athens mwaka 2005.

Mablanketi hayo mawili yanalindwa leo katika nyumba kubwa za ukumbusho, moja Washington, nyingine Boston.

Wamama wapendwa, Mama Harriet hakungoja siku isiyo na kazi, kwa maana siku hiyo haikuja. Hakutenga sindano na sala. Vipande ambavyo wengine walitupa, alivigeuza mahubiri. Nanyi wababa, muulize leo nyumbani: mke wangu, binti yangu, ana zawadi gani mikononi, na mimi ninamwachia nafasi gani? Mwenye kujua kushona ashone, mwenye kujua kusuka asuke, na watoto wakae karibu wasikilize maana yake.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Amina.