Joe Gould: Mzee wa baa aliyelishwa miaka mingi kwa ajili ya kitabu

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, mtalii akiingia Minetta Tavern, baa ya Greenwich Village jijini New York, alikuwa na bahati ya kumkuta Joe Gould. Jamaa mfupi, amekonda, kipara, ndevu shaghalabaghala. Mwenye baa alimpa chakula cha bure kwa sababu alivuta wateja.

Na vituko alikuwa navyo. Kwenye migahawa ya bei chee alimimina chupa ya tomato sosi kwenye sahani na kuila kwa kijiko, maana haikulipiwa. Wakati wa baridi alijivika magazeti ndani ya nguo. Kinywaji kikikolea, alipiga mikono kama mabawa na kulia kama shakwe. Eti lugha ya ndege hao anaijua, na mashairi ya Longfellow ameshayatafsiri kwa kishakwe!

Lakini Gould, aliyezaliwa 1889, hakuwa mlevi hivihivi. Alisoma Harvard kama baba na babu yake, wote madaktari. Mwaka 1917 aliacha kazi ya uandishi wa habari ili aandike historia ya wakati wake kwa maneno ya watu wa kawaida, yale yanayosemwa baa na mitaani. Alidai ameshafikisha maneno milioni 9 kwenye madaftari ya shule. Kwa ajili ya kitabu hicho watu walimnunulia pombe, wakamchangia vijisenti.

Mwaka 1942 mwandishi Joseph Mitchell alimwandika katika jarida la The New Yorker, akawa maarufu. Baadaye Mitchell akamletea mchapishaji. Gould akapiga chenga. Hapo Mitchell akashtuka: kumbe madaftari yenyewe ni sura chache tu, kifo cha baba yake na mambo mengine, anazirudia miaka nenda rudi.

Angeweza kumuumbua. Hakufanya hivyo, kwani yeye mwenyewe alikuwa na riwaya kichwani ambayo hakuwahi kuiandika.

Gould alifariki 1957 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Marafiki wakasaka madaftari bila mafanikio, Mitchell kimya. Alisema ukweli mwaka 1964. Baada ya hapo aliendelea kwenda ofisini kwake The New Yorker hadi alipofariki 1996, na jarida halikupata tena makala mpya kutoka kwake.