TABIBU WA WALIOUNGUA: MAISHA YA ARCHIBALD McINDOE



Hapa Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, hakuna aliyesahau asubuhi ya Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka pale Msamvu. Zaidi ya watu 100 walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Waliopona walibaki na makovu. Kwa ajili yao, safari hii tumemchagua tabibu aliyejulikana duniani kwa kuwatibu walioungua.

Archibald McIndoe alizaliwa mwaka 1900 katika mji wa Dunedin, New Zealand. Alisomea udaktari huko huko, akajiendeleza Marekani, kisha akahamia London mwaka 1930. Ndugu yake Harold Gillies, bingwa wa upasuaji wa kurekebisha sura na viungo, alimwingiza katika kazi hiyo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, alipewa kazi katika hospitali ya mji mdogo wa East Grinstead, akawatibu marubani walioungulia ndani ya ndege.

Ili tuielewe kazi yake, tuijue kwanza ngozi. Tabaka lake la juu ni jembamba, nalo huzuia vijidudu kuingia na maji ya mwili kupotea. Chini yake kuna tabaka nene lenye mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, tezi za jasho na mashina ya nywele. Mtu akijikata, damu huganda, chembe nyeupe husafisha kidonda, nyama mpya huota, na ngozi hutambaa kutoka kingoni kuja katikati. Moto ukiunguza mpaka mashina ya nywele, ngozi haina tena pa kuchipukia katikati. Kovu likikaza hukunja vidole na kuvuta kope.

Zamani zile madaktari walipaka dawa ya kukausha, ya jamii ile ile inayogeuza ngozi za ng'ombe kuwa za viatu. Kidonda kilifanya gamba gumu. McIndoe aliona kuwa marubani walioangukia baharini walipona vizuri zaidi. Akaiacha dawa ile, akawaogesha wagonjwa kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, kisha akawapandikiza ngozi kutoka sehemu nzima za miili yao wenyewe.

Alijua pia kwamba ngozi hupona na moyo ukabaki na kidonda. Aliwaomba wenyeji wa mji ule wawaalike wagonjwa wake majumbani, wala wasiwakodolee macho. Wakakubali. Mwaka 1941 wagonjwa waliunda chama chao, na vita ilipokwisha kilikuwa na wanachama 649.

Baada ya vita alifika Afrika Mashariki, akawa na shamba karibu na Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1957 yeye, Michael Wood aliyefundishwa naye, na Tom Rees wa Marekani walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni shirika la AMREF. Alifariki Aprili 1960.

Basi tujifunze. Mtu akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, msimpake dawa ya meno, unga wala mafuta, kisha mwahisheni hospitali. Na mkikutana na mwenye kovu sokoni au msikitini, mtazameni usoni na mpeni salamu kama mnavyompa mwingine yeyote.