Krapf, Mjerumani aliyeeleza maneno ya Kiswahili kwa Kiingereza

Vijana wengi wa Beni na Butembo wanaojifunza Kiingereza huandika neno la Kiingereza upande mmoja wa daftari, na la Kifaransa upande wa pili, kisha wanakariri. Johann Ludwig Krapf alifuata njia nyingine, na ikachukua sehemu kubwa ya maisha yake.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, Ujerumani. Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake. Alikitumia kwa sababu alikuwa mmisionari wa shirika la Kianglikana la London, Church Missionary Society. Alianzia Ethiopia mwaka 1837. Njia ilipofungwa huko, akahamia Mombasa mwaka 1844.

Mwezi wa Julai mwaka huohuo, homa ilimuua mke wake Rosine, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa, lakini alibaki. Aliendelea kujifunza Kiswahili kwa wenyeji, na kadhi mmoja wa mji alimsaidia kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walifungua misheni ya Rabai, karibu na Mombasa.

Huko ndiko alikoendelea kukusanya maneno. Krapf hakutosheka na kuweka neno moja la Kiingereza mbele ya neno moja la Kiswahili. Alieleza maana, akaongeza sentensi za mfano, na mara nyingi desturi ya watu wanaolitumia neno hilo.

Faida yake inaonekana hata leo kwenye mpaka wa Kasindi. Aliyekariri kwamba neno la Kiingereza «duty» ni «devoir» atafikiri juu ya wajibu, au kazi ya shule ya nyumbani. Lakini kwenye karatasi za forodha upande wa Uganda, neno hilohilo ni ushuru. Asiyejua maana hiyo anaweza kutia sahihi deni asilolielewa. Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na karatasi za namna hiyo zinaweza kumhusu mfanyabiashara anayevuka.

Afya mbaya ilimrudisha Krapf Ujerumani mwaka 1853, naye akaendelea na kazi ya lugha huko Kornthal. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, bila yeye kuiona.

Baadaye Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lugha ya Unguja, si ya Mombasa, na maneno mengi ya Krapf yakabaki pembeni. Hata hivyo wataalamu bado wanaifungua kamusi yake, kwa sababu ya yale maelezo. Mwanafunzi wa Butembo anaweza kuiga jambo hilo bila gharama: kwa kila neno jipya, aandike maana yake kwa sentensi nzima, na mfano wa mahali linapotumika.